Mahali pa Bi Rahima

Mboga za Kagendo zilikuwa zikinyauka kabla ya saa nne. Kila asubuhi zilivuka kutoka Mokowe ndani ya magunia yaliyoloweshwa, sukuma wiki na mchicha na dania, na kila asubuhi alizitandaza juu ya turubai nje ya soko la Amu, kando ya mtaro, mahali ambapo jua halimsahau mtu. Alizinyunyizia maji kwa chupa aliyoitoboa kifuniko. Saa nne ikifika, majani yamelala. Kufikia adhuhuri punda walikuwa wamekuja kusimama karibu naye bila haraka yoyote, maana walijua zamu yao ni ipi.

Ndani ya soko, chini ya mabati, karibu kabisa na mlango, palikuwa na kibaraza cha saruji cha Bi Rahima wa Mbwajumali. Bi Rahima aliuza ndimu, nazi na pilipili. Alikuja siku za boti la Pate, na siku asizokuja aliacha kikapu kitupu juu ya kibaraza, nacho kikamlindia mahali. Hakuna aliyekigusa. Soko lile lilikwenda hivyo tangu zamani, na wageni kutoka bara, kina Kagendo, walifundishwa hilo hata kabla ya kufundishwa bei.

Mumewe alipofariki, Bi Rahima alimpigia Kagendo simu. Walikuwa wamezoeana; siku za boti Bi Rahima alimwita ndani wakanywa chai pamoja.

"Mwanangu, mimi sasa siyi soko hata nitoke eda," alimwambia. "Nishikiye mahali pangu. Ni amana."

Kagendo alikuwa mtu wa Meru, na eda aliisikia tu kwa mbali. Alimuuliza Bwana Hamdu, jirani wa kibaraza kile, muuza vitunguu saumu. Hamdu alimweleza kwamba mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda sokoni wala popote asipokuwa na dharura. Basi Kagendo akaliweka turubai lake juu ya kibaraza, na kikapu akakisukuma chini yake. Siku hiyo mboga zilisimama mpaka alasiri. Punda walifika nje, wakangoja, wakaondoka zao. Kagendo hakuwa amewahi kuuza mboga zote tangu aje Amu, na jioni ile aliyakunja magunia matupu kwa raha.

Haukupita muda mrefu, kamati ya soko ikaamua kila kibaraza kiandikwe jina la mwenyewe, ili ugomvi uishe. Karani wa kamati, Nicodemus, alipita na kopo la rangi ya buluu na brashi, akiuliza swali moja kila mahali.

"Hapa ni pa nani?"

"Pangu," Kagendo alisema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lakini neno lilitoka laini kabisa, halikukwama popote, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Nicodemus akainama, akaandika. Hamdu, ambaye alikuwa karibu kiasi cha kunukiwa na rangi, alipata kitunguu kimoja chenye ganda gumu sana, akakishughulikia kwa macho na mikono yote miwili mpaka karani alipopita.

Siku ya boti iliyofuata, kivuli cha Bi Rahima kilikuja sokoni.

Kilikuja kwa boti la Pate, kimeketi katikati ya abiria. Nahodha hakukidai nauli kwa kuwa hakikuwa na mzigo. Kilishuka gatini, kikapita mbele ya maduka ya pwani, kikampisha punda aliyebeba mawe, kikaingia sokoni na kupanda kibarazani. Kilikaa juu ya jina ambalo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Watu walikitambua kwa umbo la buibui na kwa mguu wa kushoto ulionyooshwa mbele, maana Bi Rahima goti la mguu huo lilimsumbua.

Walikisalimu, wakakipa mkono wa tanzia. Mmoja aliingiwa na wasiwasi kwamba huenda eda imevunjwa, akamuuliza Mwalimu Harith wa madrasa, aliyekuwa amekuja kununua ndizi. Mwalimu alikitazama kivuli. Akasema eda ni ya mwili, kivuli hakina hukumu, kisha akaomba achaguliwe ndizi zisizoiva sana.

Jioni boti liliondoka bila kivuli. Kilibaki palepale, usiku na mchana.

Kagendo alijaribu kulitandaza turubai juu yake, kikaja juu ya turubai. Akaweka magunia, kikaja juu ya magunia. Mwishowe alikaa hivyohivyo, na ubaridi ukampanda mpaka kiunoni. Chini ya mabati kuna joto lake, kila mchuuzi analijua. Ndani ya kivuli kile kulikuwa baridi kama ubavuni mwa mtungi. Mchicha uliolala uliamka. Sukuma wiki ya jana ilikuwa ngumu leo, na keshokutwa bado ilikatika kwa mlio.

Habari zikaenea, wateja wakaongezeka, Kagendo akaongeza na nyanya. Wakifika walimjulia hali Bi Rahima kwanza, ndipo wakamgeukia Kagendo kuagiza. Bi Rahima alikuwa na desturi ya kumpa kila mtu nyongeza, na kivuli hakikuiacha. Mkono wake ulilala juu ya nyanya moja au fungu la dania, mteja akaichukua hiyo juu ya aliyonunua, akashukuru. Kagendo aliiacha iende. Alikuwa akiuza kuliko wakati wowote maishani mwake.

Kivuli hakikumfanyia ubaya hata mara moja. Hilo lilimtesa. Kama kingemkaba koo, au kumwaga nyanya zake, angalau wangekuwa wamegombana, na mtu uliyegombana naye unajua pa kuanzia. Chenyewe kilikaa tu. Jumapili Kagendo aliacha kuimba kwaya, akasema koo linamuuma. Chakula kilimshinda. Kila wiki alimpigia Bi Rahima simu, na kila wiki Bi Rahima aliulizia mahali pake.

"Papo, mama," Kagendo alijibu, na ilikuwa kweli. Akikata simu alikuwa na aibu ya kumfanya mtu ajifunike uso kwa leso mchana kweupe.

Kule Mbwajumali, Bi Rahima alikuwa katika chumba cha ndani chenye taa ndogo, na hakujua alichopungukiwa. Siku ya kutoka eda, wanawake waliomwosha na kumvisha walimpeleka uani, wakaona jua linampita bila kuacha alama chini. Walimwambia bila shaka kivuli chake kiko sokoni. Yeye akasema alikuwa akijiona mwepesi, akadhani ni kwa kutokula vizuri.

Alikuja na boti la kwanza, beseni la ndimu kichwani. Aliingia sokoni, akapokea salamu, akasimama mbele ya kibaraza chake. Aliona kivuli. Aliona kikapu chini. Kisha akasoma jina, polepole, mpaka mwisho.

Kagendo alikuwa amejiandaa. Njia nzima ya kutoka nyumbani alikuwa amerudia maneno: mama, nilisema ni pangu, nisamehe, twende kwa Nicodemus. Hayakuwa maneno mengi.

"Walikuuliza hapa ni pa nani, mwanangu?"

"Walitaka mtu aliyepo, mama."

Bi Rahima akakitazama kivuli chake, kilichokaa na mguu mbele.

"Kwani mimi sikuwapo?"

Kagendo alitazama mboga. Hamdu alikuwa amepata kitunguu kingine. Bi Rahima akakiita kivuli chake taratibu, kwa jina lake mwenyewe, nacho hakikuinuka. Hakukilaumu. Aliwaeleza waliosimama hapo kwamba hakiwezi kuondoka, maana amana imewekwa na lazima iwe na mtu wa kuishika, mpaka mwenyewe aketi, na pale pameandikwa jina la mwingine. Akainama kwa shida, akachukua kikapu, akatoka nje. Alitandika kipande cha gunia kando ya mtaro na kupanga ndimu zake juani.

Mchana huo Kagendo alikwenda ofisini kwa Nicodemus. Aliingia akiwa ameamua kabisa, na yeyote aliyemwona njiani angeapa hivyo. Kopo la rangi ya buluu lilikuwa pale mezani, na brashi juu yake. Nicodemus alikuwa mtu mpole. Alivuta kiti, akamuuliza ana shida gani. Alisema kama ni jina limekosewa asiogope, kulifuta ni kazi ndogo.

Kagendo alilitazama kopo. Aliwaona punda wamesimama, wakingoja.

"Ni bomba la nyuma ya soko," alisema. "Halitoi maji."

Siku ya pili fundi akaletwa na bomba likatoa maji. Wachuuzi walimshukuru Kagendo kwa kuwasemea. Bi Rahima naye aliingia ndani makusudi kumshukuru, akamwombea Mungu amzidishie.

Siku hizi hakuna anayelizungumzia tena jina lile. Wateja huingia, humsalimu Bi Rahima kibarazani, hununua mboga, na wakitoka humsalimu Bi Rahima kando ya mtaro, hununua ndimu kama hazijakauka. Wengine husema ni vizuri yuko pande zote mbili za mlango. Nicodemus hupita na brashi kila rangi inapofifia, na kivuli humsubiri amalize.

Mchana, jua likiwa kali, Kagendo hujaza kikombe kwenye bomba na kumpelekea. Bi Rahima hunywa yote, uso umembabuka, mtandio ameuvuta mpaka machoni.

"Kingali baridi, kile?" aliuliza siku moja.

"Kingali baridi, mama."

"Alhamdulillahi. Rudi ndani basi, yua hili ni kali."

Kagendo akarudi ndani. Kivuli kikasogea kumpa nafasi, naye akakaa.