Futi Tatu za Mwanabibi

Mwanabibi alikuwa na pumzi, alikuwa na mbio za hatua ishirini ambazo hakuna aliyezifikia Likoni nzima, na kwa miaka yake thelathini na minane alikuwa na magoti ambayo wasichana wa ishirini waliyaonea kijicho. Kitu kimoja tu kilimshinda. Akimfikia mpigaji, alisimama.

Si kwamba alichoka, wala hakuwa mwoga. Alichomoka kama mshale, vumbi la uwanja wa Mtongwe likimfuata nyuma, halafu, ikibaki hatua moja tu amkumbe mtu, miguu ikaganda na mikono ikapanda juu kama aliyesimamishwa na askari. Mpigaji naye akapiga mpira wake kwa raha zake.

Raga wanayocheza wanawake wa Likoni ni ile ya watu kumi na watatu kila upande. Ukiwa na mpira unaweza kuangushwa mara sita; ya sita ikitimia, unawakabidhi wapinzani mpira. Kwa hivyo mwenye akili haingoji ya sita. Ya tano ikishapita, mpira hurushwa nyuma kwa mpigaji, naye huupiga mbali, pembeni kabisa, ili wapinzani waanze safari yao huko. Timu yenye mpigaji hodari hucheza kama iliyo kwenye mteremko, na dawa yake ni mtu wa kumkimbilia huyo mpigaji kabla hajainua kichwa.

Mtu huyo alikuwa Mwanabibi, na kazi nyingine uwanjani hakuwa nayo. Alikuwa mwembamba mno kugongana na wanawake wa katikati, na baada ya zile hatua ishirini mbio zilimwisha, basi hata pembeni hangefaa. Wiki nzima alikuwa mtunza bohari wa zahanati, mama wa watoto watatu, mke wa mtu na mkwe wa mtu. Jumamosi alasiri tu ndipo alipokuwa nambari tisa, na hiyo nambari tisa hakupewa na mtu kwa kuolewa wala kwa kuzaa. Aliitaka.

Jumanne, mazoezi yalipokwisha, kocha Musyoka alimwita kando. Musyoka alikuwa mpakiaji wa mizigo kule uwanja wa ndege Changamwe, mtu asiyezunguka na maneno.

"Mama Shaza, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini Jumamosi tunacheza na Kisauni, na Margaret ndiye atamkimbilia Nasreen. Wewe utaanza kwa benchi. Ukiingia halafu usimame tena, basi kuanzia hapo utatushikia jezi na machungwa."

Nasreen ndiye mpigaji wa Kisauni, mguu wa kushoto, na ni rafiki wa Mwanabibi tangu walipolala chumba kimoja chuoni wakisomea stashahada. Mechi iliyopita alikuwa amemfikia Nasreen mara nne, na mara nne akasimama. Mara ya nne Nasreen alipiga mpira, akautazama hadi ukatua, kisha akamgeukia na kumwuliza kama watoto hawajambo.

Jumatano alimweleza mumewe. Hassan alikuwa fundi wa vigae, na kwa fundi wa vigae hakuna shida isiyopimika. Alichukua mpira wa watoto, akasimama uani karibu na ukuta, akamwambia mkewe aje kwa nguvu zake zote. Mwanabibi alikuja, akasimama, mikono juu. Wakarudia. Ya tatu Hassan alimwambia abaki vivyo hivyo asitikisike, akatoa utepe wake wa kupimia mfukoni na kuunyoosha kutoka mguu wake hadi mguu wa mkewe.

"Futi tatu," alisema.

Wakarudia tena. Futi tatu na inchi moja. Mara nyingine futi tatu kamili. Hassan aliutazama ule utepe kwa heshima, kama aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenziwe.

Mwanabibi aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akacheka mpaka mama mkwe akatoa kichwa dirishani. Netiboli! Miaka sita, shuleni hadi chuoni, alikuwa mlinzi wa goli, na sheria ya netiboli ni kwamba anayemzuia mwenye mpira lazima akae futi tatu mbali naye. Ukisogea zaidi, filimbi. Mazoea yana taabu.

"Mimi mwenyewe nilishasahau," alisema. "Mguu ndio haukusahau, baba Shaza."

"Basi usiufukuze shule," Hassan alijibu. "Tupime jambo jingine. Mimi nikipiga, mpira ukifika kwenye futi tatu unakuwa wapi?"

Walipima. Ulikuwa kifuani, mara nyingine usoni, wala si juu mikono ilikopungia hewa. Wakaona na kosa la pili: Mwanabibi alikuja akililenga tumbo la mtu, ilhali kwenye netiboli hakuna mlinzi anayelinda tumbo. Unalinda mkono ulioshika mpira. Hapa mkono ni mguu. Hakuhitaji kumgusa Nasreen; alihitaji kusimama palepale alipozoea, ila mbele ya mguu wa kushoto, na mikono aishushe hadi pale mpira unapopita. Alhamisi na Ijumaa walifanya hayo tu. Hassan alijilazimisha kupiga kwa kushoto, akaanguka mara mbili, na mama mkwe akatangaza kwamba katika nyumba hiyo hakuna mkubwa aliyebaki isipokuwa yeye na kuku wake.

Jumamosi Margaret alianza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mabega ya kubebea saruji, na hakujua kusimama hata kidogo. Mara ya kwanza alimfikia Nasreen mpira ukiwa umeshaondoka, akamwangusha. Penalti. Mara ya pili mpira ulikuwa umeshafika nusu ya uwanja, naye akamwangusha vilevile. Penalti nyingine, na kutokana na hiyo Kisauni wakapata alama zilizowapeleka mbele, kumi kwa nane. Zikibaki dakika kumi, Musyoka alimhamishia Margaret katikati, akatazama benchi.

"Mama Shaza," alisema, akamwonyesha uwanja.

Mara ya kwanza Nasreen alimwona akija, akatabasamu, akajitengenezea mpira taratibu. Lakini leo Mwanabibi alikata kona na kuja upande wa kushoto, akasimama futi zake tatu mbele ya mguu wenyewe, mikono kifuani. Nasreen hakuona pa kupitisha. Akabadilisha mguu, na mguu wake wa kulia haukuwa na elimu yoyote. Mpira ulitambaa hatua kumi ukatoka nje.

Zikibaki dakika mbili, Kisauni waliangushwa ya tano, mpira ukarudi kwa Nasreen. Mwanabibi alikwisha kuondoka. Kushoto, mguu, futi tatu, simama.

"Umesimama tena, shoga yangu," Nasreen alimtania. "Refa wa netiboli leo hayupo."

Akapiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukamwingia Mwanabibi mikononi kama uliotumwa kwake.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Mita arubaini za mchanga na mstari wa goli. Uwanja mzima ulimwambia akimbie, Musyoka alimwambia kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na Hassan alimwambia kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia nyumbani. Lakini kwenye netiboli ukidaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Mwanabibi aliganda. Mguu mmoja ukashika ardhi kama mti, mwingine ukazunguka, akageuka akiwatazama wenziwe, akimtafuta wa kumpa. Margaret alikuwa anakuja mbio kutoka nyuma. Akampa, kifua kwa kifua, pasi safi ya chuoni, na kwa vile alikuwa amegeuka, ilikuwa pasi ya kurudi nyuma, kama raga inavyotaka, halali kabisa.

Margaret hakusimama mpaka alipovuka mstari na kuuweka mpira chini, na hata hapo alisimamishwa na uzio. Alama nne. Kumi na mbili kwa kumi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Mwanabibi alimwendea Nasreen aliyekuwa ameketi chini akivua viatu, akamwuliza kama watoto hawajambo. Nasreen alimtupia kiatu kimoja, kisha akamvuta chini wakaketi pamoja.

Musyoka aliwafuata akiwa ameubeba mfuko wa machungwa yeye mwenyewe. Alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini hakukimbia.

"Ningepigiwa filimbi ya kutembea," Mwanabibi alisema.

Kocha alimpa chungwa kubwa kuliko yote. Jumanne iliyofuata alimwomba Hassan aje mazoezini na utepe wake. Upande mmoja wa uwanja Margaret alifundishwa kusimama futi tatu. Upande wa pili nambari tisa alipewa mpira, akaambiwa atembee nao, hatua moja, mbili, tatu, na asiogope, hakuna mwenye filimbi.