Mshono Uliomeza Herufi Tatu

Sindano ikimkatikia, fundi Pindo alilaumu serikali. Mvua ikinyesha nguo zikiwa kambani, serikali. Chai ikipoa kabla hajainywa, basi kuna mkubwa mahali fulani ametia saini ipoe. Watu wa mtaa walishamzoea. Wakipita mlangoni pake humchokoza makusudi, "Fundi, leo wamefanya nini tena?" Naye, bila kuinua macho kwenye cherehani, huwajibu, "Subirini kidogo, bado hawajaamka."

Lakini haukuwa mzaha mtupu. Mkewe alifariki mwanzoni mwa ule ugonjwa wa mapafu ulioenea nchi nzima, siku zile wakubwa waliposimama redioni wakasema hayo ni mafua tu, watu wachape kazi. Mashine ya kusaidia pumzi ilikuwepo pale zahanati, imefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa kujiandaa na ugonjwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeulizwa. Tangu hapo Pindo akawa anashona peke yake katika chumba cha nyuma ya soko, ambamo yeye na mkewe walikaa miaka yote wakitazamana, cherehani kwa cherehani, magoti yakikaribia kugongana. Chumba chenyewe kilikuwa mali ya serikali. Hata hilo lilimuuma.

Siku moja afisa wa mtaa akaja na marobota ya kitambaa cha buluu.

"Fundi, neema imekushukia. Mheshimiwa anakuja kututembelea. Kila mtu avae barakoa, na kitambaa kimetoka juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

"Juu! Wewe shona tu."

Pindo akakishika kitambaa, akakipapasa. Kilikuwa kizuri, hakuna ubishi. Kila kipande kimepigwa chapa ya maandishi makubwa meupe: TUMEKULINDA MWANANCHI. Aliyasoma polepole, maana shule aliiacha mapema, herufi kwake ni kama watu wa mtaa wa pili: anawajua kwa sura, hawajazoeana.

"Mmemlinda nani?"

"Acha siasa, fundi. Shona."

Akashona. Barakoa za Pindo hazikuwa zile za kukunja na kufunga kamba. Alifuata kipimo cha marehemu mkewe: nusu mbili zilizokatwa kwa mviringo, zikaunganishwa kwa mshono mmoja unaoteremka puani hadi kidevuni. Zilikaa usoni kama zimezaliwa na mtu. Tatizo lilikuwa kwa waliochapa. Maneno waliyasogeza upande, hayakukaa katikati ya kipande, na Pindo hakufuata maneno, alifuata pua. Kwa hiyo mshono ukapita palepale penye I, N na D, ukazimeza zote tatu, akapiga pasi, akafunga maboksi. Afisa akazigawa mwenyewe nyumba kwa nyumba, kifua mbele.

Kesho yake asubuhi soko lilikuwa na kelele za ajabu. Pindo alidhani kuna mtu ameteleza kwenye maganda. Mara akaingia shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeuza nyanya na vitunguu ng'ambo ya njia. Alikuwa ameshika mbavu.

"Shemeji! Leo umewamaliza!"

"Nimewamaliza akina nani?"

"Usinifanye mtoto. Hebu soma hapa." Akajinyooshea kidole mdomoni.

Pindo akainama, akakaza macho kama anayetunga uzi. "Tu... me... ku... la. Tumekula. Mwa... na... nchi." Akasoma tena, maneno yakawa yaleyale. "Mama yangu! Zile nyingine zimekwenda wapi?"

"Umezila wewe! Herufi tatu nzima, hata mfupa hukubakisha!"

"Sikukusudia, shemeji. Haki ya Mungu, mimi nilifuata pua."

"Funga mdomo! Usije ukamwambia mtu hukukusudia. Soko zima wanakuita shujaa, wewe unataka kuwaambia ni bahati mbaya?"

Hawajamaliza, afisa akatokea mlangoni, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshasikia kicheko, na ameshasoma midomo ya watu kumi. Mmoja tu ndiye hakumsoma, maana mdomo wako mwenyewe huwezi kuusoma.

"Fundi! Umeitukana serikali!" alifoka, na kila neno lilitokea chini ya TUMEKULA MWANANCHI, iliyomkaa vizuri kuliko wote. "Sisi tumewafanya nini nyinyi watu? Eh? Niambie, tumefanya nini!"

Shemeji mtu akauma ncha ya kitambaa chake cha kichwa, machozi yakamtoka.

"Keshokutwa Mheshimiwa yupo uwanjani. Zikusanye zote, uzifumue, uzishone upya. Nikiiona hata moja, chumba hiki nakifunga, na hizo cherehani utazibeba kichwani. Unanisikia?"

"Nakusikia, bwana afisa," Pindo akasema taratibu. "Nianze na hiyo ya kwako?"

Afisa akaivua, akaitazama. Akaigeuza ndani nje, akaivaa tena, maandishi yakabaki yakiyatazama meno yake, akaondoka.

Pindo akakaa. Kicheko cha shemeji kikakatika.

"Kweli atafunga?"

"Atafunga. Hawa kutoa hawajui, kufunga ndiyo fani yao." Akaishika cherehani ya marehemu, ile iliyomwelekea. "Humu ndani, shemeji, nikishona bado namsikia dada yako akinigombeza. Wakinitoa, nitamsikilizia wapi?"

Basi akachukua gunia, akaenda kukusanya. Tangu msiba hakuwa ameutembea mtaa ule. Alikuwa akitoka nyumbani, anaingia chumbani, anarudi. Sasa akawa anabisha mlango kwa mlango, na kwenye kila mlango akakutana na jambo ambalo hakulitarajia. Hakuna aliyerudisha.

"Chukua viatu vyangu, fundi," alisema mpakia mizigo. "Suruali hii pia, nikuvulie? Lakini hii siitoi."

Bibi muuza samaki alimnawisha mikono kwenye ndoo, akamwekea kigoda mbali kidogo, akampa chai. "Mwanangu, mimi nimepiga kura tangu ujana wangu, na sijawahi kusema neno wakubwa wakalisikia. Leo nalivaa tu. Hata mdomo sifungui."

Kinyozi, ambaye picha ya Mheshimiwa ilikuwa imening'inia juu ya kioo chake, alikuna kichwa. "Mimi nawapenda wale, unajua. Mabishano yetu unayajua. Lakini fundi, pua imekaa! Haibani wala haivujishi. Nitapata wapi nyingine ya kunikaa hivi?"

"Si nitakushonea upya?"

"Utaiharibu."

Ikawa hivyo hadi jua linaelekea kuzama. Alikunywa chai tumbo likajaa, akasimuliwa mambo ya mwaka mzima yaliyompita, akabishana, akazomewa, akaitwa shujaa, akakana, wakamwambia shujaa wa kweli hukana. Gunia lilirudi na barakoa moja tu, nayo ilikuwa imetafunwa na mbuzi.

"Hata mbuzi kala," shemeji akasema, na Pindo, ambaye alikuwa amekuja amejiandaa kulia, akajikuta anacheka hadi akashika ukuta.

Siku ikafika. Uwanjani walichora miduara ya chaki, kila mtu na wake, na kila mduara umesimamisha mtu mwenye TUMEKULA MWANANCHI. Pindo alisimama nyuma kabisa, moyo unadunda kama cherehani ya miguu. Afisa alipanda jukwaani, akautazama umati, rangi ikamtoka. Angefanya nini? Kuwavua watu barakoa mbele ya Mheshimiwa aliyekuja kuhimiza barakoa?

Magari yakaingia. Mheshimiwa akashuka na miwani yake nyeusi, mdomo wazi. Mpiga picha akamnong'oneza kwamba ingependeza avae ya wananchi. Msaidizi akachomoa moja kwenye boksi la akiba lililokuwa mezani, akamvisha. Hakuitazama. Mkubwa hasomi anachovaa, huvishwa.

Kicheko kilianzia mbele, kikaenda nyuma kama upepo kwenye majani. Mheshimiwa akapunga mkono. Alidhani ni mapenzi.

"Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema hatukufanya kitu katika janga hili. Nataka muwajibu nyinyi wenyewe. Someni hapa! Hapa mdomoni pangu! Tumefanya nini?"

Pindo akafumba macho. Kisha sauti moja nyembamba ya kizee, ya bibi muuza samaki, ikapaa: "Tumekula mwananchi!"

"Siwasikii!" Mheshimiwa akaweka mkono sikioni. Na kweli, chini ya vitambaa vyote vile maneno yalifika yamefifia, nusu yamezama njiani.

"TUMEKULA MWANANCHI!"

"Na wa nyuma!"

"TUMEKULA MWANANCHI!" Mtaa mzima, wazee kwa watoto, kinyozi naye ndani, mishipa ya shingo imemtoka. Pindo akasikia sauti ya kiume ikiunguruma karibu kabisa, akashtuka kugundua ni yake. Mheshimiwa alifurahi mno. Akapiga kofi mezani. Alisema hajawahi kupokewa namna hii popote pale.

"Fundi aliyezishona ni nani?"

Afisa akanyoosha kidole. Pindo akasukumwa mbele.

"Anafanyia kazi wapi huyu?"

"Chumba chetu cha pale sokoni, Mheshimiwa," afisa akajibu.

"Basi chumba ni chake. Asisumbuliwe mtu huyu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

Angesema nini kingine? Ili kumwondoa Pindo, ingebidi kwanza amweleze Mheshimiwa kilichokuwa kimeandikwa mdomoni pake, na hakuna mtu katika nchi ile aliyeumbwa kwa kazi hiyo.

Magari yalipoondoka, afisa alimfuata Pindo hadi chumbani. Akafunga mlango, akasimama umbali unaotakiwa.

"Fundi, hapa tupo wawili. Niambie ukweli. Ulikusudia?"

Pindo akawa anatia mafuta cherehani ya mkewe.

"Muulize aliyechapa, huko juu. Mimi wa chini."

Afisa akageukia ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika. Pindo alidhani analia, akamsogelea, kumbe.

"Cheka, bwana afisa, cheka tu," akamwambia. "Umevaa barakoa. Nani atakuona meno?"

Wakacheka wote wawili, afisa kwa kuiba, Pindo kwa sauti ya kufika ng'ambo kwa shemeji. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa mpakia mizigo, ameleta shuka kuukuu begani.

"Fundi, maandishi nayo unashona?"

"Inategemea. Unataka yasemeje?"

"Tumekula iwe vilevile. Ila pale penye mwananchi," akageuka kwanza kutazama njia, "niwekee mama mkwe."