Taji la Mzee Lefteris

Bi Anthoula alikuwa amejaza mistari yote ya fomu ya fidia isipokuwa mmoja. Alikuwa ameandika jina la meli, nambari ya chumba, rangi ya sanduku, siku waliyoshuka. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, wino unamkaukia.

"Hapa, bibi," Areti akasema, na kwa kuwa sauti yake haikufika upande wa pili wa kioo, akaonyesha kwa kidole. "Thamani ya kilichopotea."

"Nimepaona, mwanangu. Sijui niandike nini."

Areti alikuwa na miezi saba kwenye dawati la mizigo, katika bandari ya Pirea, na bado alipokea simu kama mtu anayeomba radhi. Watu waliomjia walikuja na hasira zao: mabegi yaliyopasuka, chupa za mafuta ya zeituni zilizovunjikia ndani ya nguo. Alishazoea kuinamisha kichwa mpaka wamalize. Bi Anthoula hakuwa na hasira. Alifungua leso juu ya dawati taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala.

Ndani yake mlikuwa na taji jembamba la maua ya nta yaliyogeuka rangi ya chai. Utepe ulining'inia upande mmoja, umekatika.

Areti hakuhitaji kuelezwa. Kwao mataji kama hayo yalikuwa juu ya kitanda cha wazazi, kwenye kisanduku cha kioo, mawili yaliyofungwa kwa utepe mmoja tangu siku ya harusi, padri alipowavisha. Hakuwahi kuona moja likiwa peke yake.

"Hili ni langu," Bi Anthoula akasema. "Lililopotea ni lake."

Wanawe ndio waliowalipia safari ya visiwani, kusherehekea miaka hamsini ya ndoa. Mzee Lefteris alikuwa ameanza kusahau. Alisahau njia ya kwenda sokoni, kisha majina ya wajukuu. Lakini kila asubuhi alitazama mataji ukutani, ndipo akageuka na kumwita mkewe kwa jina. Kwa hiyo Bi Anthoula aliyafunga na nguo, yakiwa katika kisanduku chao cha kioo, akayatundika chumbani melini. Usiku wa mwisho, masanduku yote yalitakiwa kuachwa nje ya milango ili yateremshwe mapema. Akayatia mataji ndani ya sanduku, maana kesho yake alihitaji mikono yote miwili kumshika mumewe kwenye ngazi. Walipofika nyumbani Nikea aliona kufuli limevunjika, kioo vipande vipande, na taji moja.

"Sasa anaamka anauona msumari. Ananiuliza, 'Anthoula yuko wapi? Mbona ameniacha, na taji langu akaenda nalo?' Nikimwambia ni mimi, ananichekea kwa adabu. Kama unavyomchekea mwenye duka."

Mkuu wa ofisi, Bwana Vrettos, alikuwa amesimama nyuma ya Areti na kikombe chake cha kahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni nyingi tu.

"Mama, uharibifu huripotiwa kabla ya kutoka ukumbini. Wewe umekuja baada ya siku nne. Na nta ya miaka hamsini, nikiipigia hesabu ya uchakavu, kampuni itaishia kukudai wewe." Akakohoa, akaona aibu na mzaha wake. "Tuseme tukubali. Tukilipa kitu chote, basi kilichobaki, hata hilo taji lako, tunakichukua sisi. Ndio utaratibu."

Bi Anthoula aliikunja leso, ncha moja baada ya nyingine.

"Basi fidia kaa nayo, mwanangu. Mimi nataka kujua liko wapi."

Alipoondoka, Areti alisoma orodha ya vilivyookotwa melini. Miwani kumi na moja. Kiatu cha kushoto. Meno ya bandia, ya juu. Taji halikuwemo. Akasoma tena, mara ya tatu akifuata kwa rula.

Saa sita akala mkate wake wa ufuta palepale dawatini. Kipande kikamdondoka, akakiokota na kukibusu kabla ya kukiweka pembeni, bila kufikiri, kama bibi yake alivyomzoeza. Mkate hautupwi. Wala tawi la Jumapili ya Matawi, wala yai jekundu la Pasaka. Kwa bibi vitu hivyo vyote vilikaa kwenye rafu ya picha takatifu mpaka rafu ikapinda. Kitu kilichosomewa sala hakitupwi, na hakichanganywi na viatu.

Akaacha kutafuna.

Aliitazama simu kwa muda mrefu. Kuwapigia mabaharia hakukuwa kazi yake. Mwishowe akabonyeza nambari ya meli, akaomba aunganishwe na serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani.

"Manthos hapa. Paza sauti, binti, masikio yangu nimeyaacha kwenye injini."

"Shikamoo, barba." Akapaza, akimwita kama wazee wa baharini wanavyoitwa. Bwana Vrettos akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Kwenye chumba chenu cha kulia, pale kwenye picha ya Mtakatifu Nikola. Kuna kitu kimewekwa?"

Upande wa pili ulisikika mlio wa bahari.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimewaza tu."

"Taji lipo. Nililiokota chini, tunakoteremshia mizigo. Sasa ningelipeleka wapi, kwenye gunia la meno ya watu? Mke wangu angesikia angenifungia mlango. Nimeliwashia kandili kila jioni. Wapishi wanasema nataka kuoa tena."

"Lakini hukuliripoti."

"Nimemripotia Mtakatifu. Yeye na ofisi yenu hamsemezani?"

Areti akacheka, akajifunika mdomo kwa mkono. Alipogeuka, Bwana Vrettos alikuwa anajifanya kusoma.

Ijumaa meli ilitia nanga alfajiri. Serahangi aliteremka na kopo la biskuti lililotandikwa leso safi, akamkabidhi Areti kwa mikono miwili, kisha akarudi kwenye kamba zake. Bi Anthoula, aliyepigiwa simu, alifika saa tatu na mumewe, aliyevaa koti la arusini lililompwaya mabegani. Mzee alikaa kwenye benchi, akatazama watu wanaopita.

Mataji mawili yalilala sambamba juu ya dawati. Bi Anthoula alijaribu kuunga utepe, ukamteleza vidoleni.

"Kufunga ni kazi ya msimamizi wa ndoa, na wetu alishafariki," akasema. "Fanya wewe."

"Mimi, bibi? Sijui kama..."

"Unajua kufunga viatu? Basi."

Areti akafunga, fundo dogo, kisha la pili juu yake. Akayabeba mpaka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya mzee. Mzee Lefteris aliyatazama. Akaligusa la kwake, kisha la pili, akafuata utepe kwa kidole, taratibu, toka huku mpaka kule. Halafu akainua macho kwa mkewe.

"Umechelewa, Anthoula."

Bi Anthoula alikaa kando yake, akamweka sawa kola ya koti.

"Nilikuwa kwenye foleni, mume wangu."

"Ah, foleni," akasema mzee, kama mtu anayezijua.

Bwana Vrettos alikuja na fomu mkononi. Kwenye mstari uliokuwa wazi alikuwa ameandika mwenyewe: sanduku, kufuli, kioo. "Hivi tulivunja sisi," akamwambia Areti kwa sauti ya chini. "Hivi tutalipa." Akaondoka haraka kabla hajashukuriwa.

Walipoinuka kwenda, mzee alisimama mbele ya dawati.

"Na wewe, binti, taji unalo?"

Areti akaona haya mpaka masikioni. "Bado, babu."

"Ukilipata, usilitie sandukuni."

"Sitalitia, babu," akasema, na safari hii sauti yake ilifika.