Sauti ya Jenerali Katika Partie Deux

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, Kudra alikuwa amepanda juu ya stuli, anafunga pazia ndani ya salle ya Salem, ukumbi wa kuonyeshea filme, avenue ya tisa, Buyenzi. Alilifunga kwa waya wa breki ya baiskeli aliopewa na fundi Uthmani wa garage ya ng'ambo ya barabara, na waya ulikuwa unateleza. Anakaza, unateleza. Mkono mmoja waya, mkono mmoja simu, maana grupu ya WhatsApp ya salle ilikuwa hailali. Imefika? Kweli imefika? Wallahi imefika? Saa ngapi?

Ilikuwa imefika. Filme ya *Mapango ya Moto*, partie deux, yaani sehemu ya pili, ilikuwa ndani ya clé USB, na clé ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la Salem. Salem mwenyewe alisimama mlangoni, amekandamiza mfuko kwa kiganja kama mtu mwenye kiungulia.

Partie ya kwanza ilichezwa pale wiki saba. Wachezaji walisema Kithai, na chini ya picha yalipita maandishi ya Kifaransa, mbio mbio. Mtafsiri alikuwa Twahiru, kaka yake Kudra. Twahiru alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, micro, kile kipaza sauti, mdomoni, akawageuza Wathai wote wakawa watu wa Buyenzi. Shujaa akaitwa Shakuru. Jenerali mbaya akaitwa Afande Ndevu. Walitukanana Kiswahili kitamu mpaka watu wakawa wanatoka Cibitoke kwa mguu kuja kumsikia.

Ila Kifaransa cha Twahiru kilikuwa kinaishia kwenye bonjour. Aliyesoma lycée, sekondari ya Kifaransa, ni Kudra. Kwa hiyo Kudra alikaa nyuma ya pazia, pembeni, akachungulia picha kwenye tundu, akasoma maandishi, akayageuza, akamnong'oneza kaka yake kwa simu. Twahiru alikuwa na écouteur sikioni. Alichosikia alikisema kwa ile sauti yake nene, na salle ikapiga makofi.

Watu walijua kuna msichana nyuma ya pazia. Walifikiri anaangalia nyaya za umeme.

Siku moja maandishi yalipotea dakika kumi nzima. Shujaa alikuwa amekaa juu ya jiwe, anasema na moyo wake, na hakuna aliyejua anasema nini. Kudra hakutaka salle inyamaze. Akamzulia Shakuru mama, muuza ndagala, yaani dagaa, wa sokoni, anayemngoja kila jioni na beseni lake miguuni. Filme yenyewe haikuwa na mama yeyote. Wanawake wa mstari wa nyuma walilia, na kesho yake wakaja na dada zao.

Ndipo Kudra alipomfuata Salem. Akamwambia anataka kukaa mbele, micro mkononi, na jina lake liandikwe kwenye ubao wa mlangoni. Salem alijipapasa ndevu.

"Partie deux ikija," akasema. "Watu wakiipenda, utakaa mbele. Nimekuahidi, mwanangu."

Sasa imekuja. Kudra alishuka kwenye stuli, akaingia nyuma ya pazia, akapiga simu, Twahiru akapokea, taa ikazimwa.

Picha ya kwanza: msitu, mvua, Land Cruiser inapanda mlima. Maandishi ya Kifaransa hayakuwepo. Kudra alisogeza jicho kwenye tundu, akangoja. Afande Ndevu akashuka kwenye gari, akavua miwani, akafungua mdomo, akasema:

"Nileteeni yule mutoto wa muuza ndagala. Nimuone leo, kabla chai yangu haijapoa."

Alisema kwa sauti ya Kudra. Ilikuwa yenyewe kabisa, na mafua aliyokuwa nayo tangu Jumatano yakiwa ndani yake. Kudra alikuwa na biskuti mdomoni, hajasema neno. Akameza biskuti. Kwenye picha askari wakajibu, "Ndiyo afande," wote kumi na wawili, wote kwa sauti ya Kudra, na mmoja wao akavuta kamasi.

Twahiru alishika micro akangoja sikio limwambie kitu. Sikio halikusema kitu. Baada ya muda aliweka micro chini, akanunua karanga.

"Leo son iko clair," mtu aliisifu sauti kwenye giza.

Filme ikaendelea. Mama wa Shakuru alitokea dakika ya ishirini, amekaa na beseni miguuni, vile vile Kudra alivyomzua, hata kanga yenye tundu la moto begani. Mama Moza, mwenye duka la vitambaa, alimsalimia. Mwanamke wa kwenye picha aliinamisha kichwa kidogo, akaendelea kuanika ndagala.

Saa moja ilipopita, Shakuru alifika kwenye daraja la kamba. Nyuma yake askari, mbele njia mbili, chini mto. Akasimama. Akageuka, akatazama upande wa pazia, akauliza:

"Kudra, nifate njia gani?"

Maji ya mto yalikuwa yanapita. Askari nao walisimama, vidole kwenye bunduki, wakiwa na heshima.

"Kushoto," Kudra alisema nyuma ya pazia.

"Asante, dada." Akaenda kushoto, na daraja likakatika nyuma yake.

Taa zilipowaka, watu hawakuondoka. Walijazana mlangoni, na waliokosa nafasi mlangoni walituma voice, ujumbe wa sauti, kwenye grupu, hata kama wanayemjibu yuko hatua mbili. Kudra alikaa juu ya kizingiti, simu sikioni, anatikisa mguu. Kila voice aliisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anahesabu: huyu amependa, huyu hakupenda, huyu hajulikani.

"Mi nimependa," alisema Mama Moza. "Yule mama wa ndagala nimemlilia. Ila muda waliompa mudogo sana. Mutu anaanika ndagala vile, unamuonyesha dakika mbili?"

"Vita iko muzuri," alisema fundi Uthmani, mikono bado na grisi. "Mais ile Land Cruiser iko diesel, na wameitia mlio wa essence, wa petroli. Mi fundi, naumia. Halafu Afande Ndevu kuongea kama binti, apana. Akisema nitakuua, naona kama ananiita kula."

"We Uthmani, si hata bibi yako anakutisha?"

"Bibi yangu hana ndevu, Mama Moza."

Watu wakacheka. Télesphore, fundi cherehani wa Cibitoke, hakucheka. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Partie deux zote ndivyo zilivyo," alisema. "Mi nimetembea kutoka kwetu kuja kumsikia Twahiru. Nimekuta Twahiru anatafuna karanga. Hatukutafsiriwa kitu. Tumetoka kama tulivyoingia."

"Si mulizungumziwa Kiswahili chenu cha nyumbani!" Mama Moza alimkatiza.

"Kiswahili tumekisikia. Kutafsiriwa ndio hatukutafsiriwa."

Hapo wengi waliitikia kwa kichwa. Mwingine alisema Shakuru alipaswa kushika upande wa kulia pale darajani, kwenye partie ya kwanza Shakuru alienda kulia mara zote. Mwingine akasema Twahiru ni hatari, alijua mambo ya yule mama kabla filme haijatengenezwa, Wathai wamemuibia Twahiru. Twahiru aliangalia viatu vyake, akasema alhamdulillahi.

Kudra alisimama.

"Sauti mumeitambua?" akauliza. "Hamukuisikia ni ya nani?"

"Ni yako," alisema Uthmani, bila ubaya wowote. "Toka neno la kwanza. Tena una mafua. Ndio maana panatakiwa mutafsiri."

Watu walipotawanyika, Kudra alimkuta Salem anafagia maganda ya karanga.

"Bwana Salem. Uliniahidi."

"Niliahidi. Wakiipenda, nilisema. Wamegawanyika, umewasikia mwenyewe. Nusu huku, nusu kule."

"Lakini filme nzima ni mimi. Mpaka jenerali."

"Mpaka jenerali," Salem alikubali. Aliegemeza ufagio ukutani. "Nimekusikia vizuri sana, mwanangu. Na hizo mafua, unakunywa tangawizi? Sikiliza. Watu wamezoea mutu wa kuwaelezea. Ukiwasemesha moja kwa moja wanaona umewapunja. Jumamosi ijayo Twahiru atatafsiri, nao watarudi. Yako tutaiongea partie trois, ile ya tatu, ikija."

"Atatafsiri nini, Bwana Salem? Kutoka wapi kwenda wapi?"

Salem aliangalia lile pazia.

"Kutoka kwako kuja kwetu," akasema, akachukua ufagio.

Wiki ile Kudra hakutulia. Alitoka nyumbani akarudi, alifungua grupu akaifunga, aliandika ujumbe mrefu wa kujitoa, akaufuta, akauandika tena mfupi, akaufuta. Alhamisi Twahiru alimletea dawa ya mafua, akaiweka mezani, akasimama pale bila kuondoka.

"Mi sikuiomba hii, Kudra," akasema.

"Lakini utaenda."

"Wameshaandika ubao."

Ubao ulikuwa umeandikwa kwa chaki mpya: *Mapango ya Moto*, partie deux, na TWAHIRU, herufi kubwa. Jumamosi watu walijaa mpaka dirishani. Wachezaji kwenye picha walielewa haraka mambo yalivyo. Afande Ndevu alivua miwani, akasema maneno yake ya chai kwa sauti ya Kudra, ambayo sasa ilikuwa imepona mafua, kisha akafunga mdomo, akamtazama Twahiru, akangoja kwa adabu.

Twahiru aliinua micro, akaishusha. Miaka yote alikuwa anasema kinachopita kwenye écouteur, na kinachopita hewani kilimtoka kabla hakijafika mdomoni. Alipapasa sikio. Salle ikaanza kuguna.

Kudra nyuma ya pazia alipiga simu. Akamnong'oneza, "Nileteeni yule mutoto wa muuza ndagala." Twahiru akasema kwenye micro, "Nileteeni yule mutoto wa muuza ndagala!" Salle ikalipuka.

"Ehee! Sasa tunaelewa!" alipiga kelele Télesphore.

Ikawa hivyo. Kila sentensi ilisemwa mara tatu, na filme ya saa moja na nusu ikaelekea urefu wa saa tatu. Hakuna aliyelalamika. Mama Moza peke yake ndiye aliyesema kwamba yeye alishaelewa mara ya kwanza, wakamwambia anyamaze, wanasikiliza.

Shakuru alifika darajani. Akasimama, akageuka upande wa pazia.

"Kudra, nifate njia gani?"

Kudra hakunong'oneza. Aliiweka simu kwenye goti, akaitazama. Mbele, Twahiru alipapasa sikio, akangoja, akaangalia watu waliokuwa wanamwangalia. Hiyo sentensi moja aliikumbuka mwenyewe, ya Jumamosi iliyopita.

"Twahiru!" akasema kwenye micro. "Nifate njia gani?"

Salle nzima ikapiga mbinja. Twahiru akafuta jasho.

"Kushoto, kaka!" akajijibu.

Shakuru hakusogea. Alikuwa ameshika kamba mbili, na macho yake yalikuwa kwenye pazia. Askari wakangoja. Dakika mbili zikapita, dakika tano. Askari mmoja alikaa chini, akamwaga maji yaliyoingia kwenye buti. Mvua ya kule ilizidi, mbao za daraja zikaanza kulia. Uthmani alipiga kelele kwamba ni nyaya, mwambieni yule binti aangalie nyaya.

Salem alipita gizani, akainama akaingia nyuma ya pazia.

"Kudra. Watu wanangoja."

"Ameniita mimi."

"Amekuita wewe. Jibu basi."

"Na micro?"

"Micro iko na mwenyewe."

Kudra aliweka jicho kwenye tundu. Vidole vya Shakuru vilikuwa vinaanza kuteleza kwenye kamba iliyolowa. Nyuma kabisa ya picha, ng'ambo ya mto, yule mama alikuwa amesimama na beseni lake, amelishikia mbele kwa mikono miwili, jioni imemkuta. Kudra hakuwa amempa mtoto mwingine.

"Kushoto," Kudra alisema.

Shakuru akaenda kushoto, na watu wakamshangilia Twahiru mpaka taa zikawashwa.

Kudra alikuwa bado anafungua waya wa pazia wakati voice ya kwanza ilipoingia kwenye grupu. Ilikuwa ya fundi Uthmani, anaongea huku anatembea.

"Jamani, leo nabadilisha mawazo. Hii partie deux sasa iko filme, kabisa, hata kuliko ya kwanza. Ile diesel bado inaniuma, lakini iko filme. Kasoro naona moja tu, na namuambia kama ndugu: pale darajani, Twahiru alichelewa kidogo kujibu."