Msingi Namba Tano

Nilipofika Jumatatu asubuhi, misingi minane ilikuwa bado ndani ya makasha yake ya mbao, imefunikwa magunia mabichi kama nilivyoagiza. Wa tisa, yaani namba tano, ule wa katikati, ulikuwa haupo. Nondo za nguzo tu ndizo zilizochomoza kutoka kwenye udongo ulioshindiliwa vizuri, tena umefagiliwa. Nilikuwa nimeondoka siku tatu. Niliacha shimo tupu lenye maji, nikakuta kaburi.

Mimi ni fundi wa zege. Nimelaza zege miaka ishirini na miwili, na wafanyakazi wananiita Timazi, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu siwezi kupita karibu na ukuta uliopinda bila kuusema. Mwenye nyumba hii ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Yeye wanamwita Injinia. Uinjinia hajausoma hata siku moja; ana miwani ya jua na kofia nyeupe ya plastiki, basi.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa mbili, na chini kuna chumba cha mama, maana magoti yake hayataki tena ngazi. Nguzo ya katikati, inayobeba ngazi na karibu nusu ya uzito wote, itapita kwenye ukuta wa chumba hicho, pale pale kitakapokaa kichwa cha kitanda chake. Nguzo hiyo itasimama juu ya namba tano. Nilimweleza Injinia haya kwa kidole, kwa ramani na kwa sauti.

Alhamisi tulijaza mashimo manane. La tano lilikuwa linavuja maji chini, maji ya mvua yaliyopenya ardhini, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwambia mbele ya watu wote: hili lisiguswe mpaka pampu itoe maji, tuweke zege jembamba chini, halafu zege lenyewe lishuke kwa mfereji wa bati. Akajibu, "Sawa dada, sawa." Sawa mbili za ndugu yangu ni hapana moja, na nilipaswa kukumbuka.

Ijumaa alfajiri mama akazidiwa na presha, nikampeleka hospitali. Akalazwa, nikalala sakafuni kando ya kitanda chake. Hakulalamika ugonjwa wala chakula. Alilalamikia jambo moja tu, nani anamchotea maji. Tangi lake la zege pale nyumbani halijai kupita nusu, mwaka wa sita sasa, na sisi wanawe tumezoea kumtania kwamba ana shamba la siri analomwagilia usiku. Naye hucheka, halafu huchukua ndoo akaenda bombani na magoti yake hayo hayo. Jumapili jioni wakamruhusu kutoka.

Sasa nilikuwa nimesimama juu ya udongo uliofagiliwa, damu inanichemka. Nikamwita fundi wa nondo, mtu mzima wa maneno machache ambaye hajawahi kunidanganya.

"Hili lilijazwa lini?"

"Ijumaa. Ulipoondoka tu."

"Pampu iliwashwa?"

Akaangalia viatu vyake.

"Na mfereji wa bati?"

Sikuhitaji jibu. Mfereji ulikuwa umeegemea ukuta wa jirani pale pale nilipouacha, mkavu, na buibui alishahamia.

Watu husema kumwaga zege. Mimi neno hilo silipendi, maana kuna watu wanalisikia wakadhani ni kazi ya kumwaga maji ya kufulia. Zege huwekwa. Ukilitupa toka juu, kokoto nzito zinatangulia chini, mchanga na saruji vinabaki nyuma. Ukilitupa ndani ya maji ndiyo umemaliza kabisa, maji yanaiosha saruji ikaelea kama uji, na huko chini unabaki na kokoto zilizokaa pamoja bila undugu. Hili nimelisema kwenye kila shimo nililosimamia. Injinia amelisikia mpaka anaweza kuliimba.

"Lete sururu," nikasema.

"Timazi, mwenyewe akija..."

"Mwenyewe akija atanikuta chini."

Tulichimba upande mmoja, fundi wa nondo, mimi na vijana wawili wa koleo, tukafungua njia ya kushuka yenye mteremko, tukaitandika mbao za toroli. Ilichukua zaidi ya saa moja. Ubavu wa msingi ulipotokea, nikaufuta kwa kiganja.

Ulikuwa laini. Laini kama ukuta wa sebule. Zege lililotoka kwenye mbao hubeba sura ya mbao. Unaona mishipa yake, fundo lake, mpaka kichwa cha msumari. Ule ubavu haukuwa na mshipa hata mmoja. Mtu alikuwa ameshuka pale na mwiko, akaupiga plasta taratibu, akausugua ukang'aa, kisha akaufukia. Nani anapamba kitu anachokwenda kukifukia? Mwenye la kuficha tu.

Nikapiga nyundo ndogo mara moja. Plasta ikadondoka kipande cha ukubwa wa sahani. Nyuma yake kulikuwa na matundu kama sega la nyuki, na kokoto zikaanza kushuka zenyewe, moja moja, zikiwa safi kabisa, kama mtu amezikosha ili azipike.

 Kijana mmoja akasema "Mungu wangu" polepole. Mimi nilitamani kulia, lakini nikikasirika machozi yangu hukataa kutoka, hubaki ndani yananichoma.

Gari la Injinia likafika. Alishuka na miwani yake, akachungulia shimoni, miwani ikavuliwa.

"Dada, nani kakuruhusu kuchimba?"

"Nani kakuruhusu kufukia?"

"Mashine ya kuchanganyia ilikuwa inaondoka siku ile ile. Mwenye mashine aliitaka. Ningefanyaje?"

"Ungengoja."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka itamuua mama yako!" Nilipiga kelele mpaka mpita njia akasimama barabarani. "Unajua nani atalala hapa juu? Unajua? Au nikuchoree tena kitanda chake?"

"Punguza moto, dada. Ni ubavu tu. Ndani ni imara."

Nikaingiza vidole vyangu vinne kwenye ule uimara wake, nikachomoa kokoto nne, nikamtupia miguuni. Akarudi nyuma. Akatoa simu, akaenda kusimama kando ya gari akinong'ona. Nilijua anamwita nani. Tangu akiwa na miaka mitatu, akishindwa na mimi hukimbilia huko huko, na hukuta mlango wazi.

Aliporudi alishuka mpaka chini, akasogea karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Nyani haoni kundule, dada. Nani alinifundisha kupiga plasta juu ya matundu? Tangi la mama umelisahau?"

Sikuwa nimelisahau. Kuna vitu mtu havisahau, anaviwekea tu kitu juu. Tulilijenga pamoja mwaka wa kwanza aliponifuata kwenye kazi hii, akiwa tayari na ndevu na mke. Tulifika nusu ya ukuta mvua ikatufukuza, tukaendelea kesho yake juu ya zege lililokwisha kukauka, bila kulikwaruza wala kuliosha. Tulipovua mbao, mstari wa katikati ulikuwa matundu matupu kuzunguka tangi zima. Mama alikuwa ndani anatuandalia chai, anaimba, siku nzima amewaambia majirani kwamba wanawe wanamjengea tangi. Sikuweza. Nikamwambia mdogo wangu, piga plasta, itashika. Plasta ilishika miezi miwili.

"Hilo ni tangi," nilimjibu. "Hii ni nyumba."

Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, naye aliisikia.

Mama alifika kwa gari la jirani, na kitambulisho cha hospitali bado kiko mkononi. Alitembea na fimbo yake mpaka ukingoni mwa shimo. Injinia akamkimbilia na kiti.

"Mama, mwambie dada. Anataka kuvunja msingi mzima kwa sababu ya kasoro ndogo. Nyumba itachelewa, na wewe unaihitaji."

Mama hakukaa. "Nishusheni."

"Mama, umetoka hospitali jana!" nikasema.

"Nimesema nishusheni. Nimeitwa nije kuamua, nitaamua nikiwa juu kama mwezi?"

Fundi wa nondo akampa mkono, akashuka zile mbao hatua kwa hatua, akisimama kila goti lilipomuuma. Akafika. Akautazama msingi, akatutazama sisi. Mama yangu hajui zege. Akainua fimbo yake, akaisukuma pale palipobanduka plasta, bila nguvu, kama mtu anayebisha hodi. Fimbo ikaingia. Akaisukuma tena, ikaendelea kuingia mpaka nusu. Aliiacha humo ikining'inia, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Hiki ndicho kitakachonibeba?"

Injinia akavua kofia.

"Nakuuliza wewe. Hiki ndicho ulichonijengea?"

"Nilikosea, mama."

"Kukosea ni kule kulikomo ndani. Hii ya juu, hii laini, si kukosea. Hii umekaa ukaifanya. Nani alikufundisha uongo wa namna hii?"

Nilimtazama mdogo wangu. Ilikuwa zamu yake, jibu analo mdomoni, na lilikuwa kweli. Angelisema, hasira yote ya mama ingehamia kwangu. Akafumba mdomo. Akaangalia kofia yake aliyoishika mikononi, akaigeuza, akaigeuza tena, wala hakunitazama. Kwa kweli nilimchukia zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa msingi, maana aliniachia mwenyewe.

"Mimi," nikasema.

Mama akageuka.

"Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwenye tangi lako. Mstari wa katikati ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, tukaufunika. Maji yanatokea hapo. Nilijua."

Mama akaupapasa ule ulaini kwa kiganja. 

"Miaka sita," alisema. "Nilikuwa najilaumu kwamba nasahau kufunga koki. Naamka usiku kwenda kuishika, nione kama imefungwa. Na ninyi mkija mnanicheka, shamba la siri, shamba la siri. Wewe ndiye uliyekuwa unaanza."

Ni kweli. Utani ule ulikuwa wangu.

Akachomoa fimbo yake. Kokoto mbili zikadondoka na kubiringika mpaka kwenye kandambili yake.

"Hiki kivunjeni," alisema. "Mkimaliza, njooni nyumbani na nyundo hizo hizo."

Tuliuvunja siku mbili. Mimi nilipiga nyundo kubwa ya kwanza, Injinia ya pili, na hatukusemeshana ila "sogea" na "angalia mguu". Hakuvaa miwani. Alhamisi pampu ilinguruma tangu alfajiri, shimo likakauka, fundi wa nondo akafunga nondo mpya. Zege lilishuka kwa mfereji wa bati, tabaka kwa tabaka, mashine ya kutikisa ikizama na kutoka mpaka mapovu yakaisha, bila kusimama hata kwa chakula. Injinia mwenyewe ndiye aliyeshika mdomo wa mfereji, magoti ndani ya tope, na kila toroli lilipofika aliuliza, "Dada, niteremshe?" Nilikuwa namjibu kwa kichwa. Ulipovuliwa mbao baadaye, ubavu wa msingi ulikuwa na mishipa yote ya mbao na fundo moja kubwa karibu na pembe. Tuliuacha wazi mpaka kila mfanyakazi akaushika.

Jumamosi tulikwenda kwa mama na nyundo. Hakutukaribisha chai. Tulilibomoa tangi, tukajenga makasha upya, na kesho yake tukalilaza zege kutoka chini mpaka juu kwa siku moja, tukimalizia jua linazama. Mama alikaa mlangoni, fimbo mapajani, akitazama kila karai lililopita.

"Linakauka lini?" akauliza.

"Siku saba tunalimwagilia," nikamwambia. "Bila maji ya kutosha zege litapasuka. Na likipata nguvu ndipo tulijaze."

"Maji ya kumwagilia yanatoka wapi?"

Mimi na Injinia tukatazamana.

Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na ndoo zake mbili. Moja ina mpini wa waya aliouzungushia kitambaa ili usimkate kiganja. Akampa Injinia ile nzima. Hiyo yenye kitambaa akanipa mimi.

Alfajiri iliyofuata niligundua kwamba bomba liko mbali kuliko nilivyodhani. Miaka yote sita sikuwahi kufika huko kwa miguu. Nilijitwika ndoo nikarudi nayo, na nilipofika nusu ya njia kilima kikanishinda, nikasimama kupumua mahali ambapo kulikuwa na jiwe bapa lililong'aa kwa kukaliwa. Nikajua ni nani aliyekuwa akilikalia. Nilikuwa bado nimekasirika, hasira ile ile ya Jumatatu, haijapungua hata tone, ila sasa sikuwa na wa kumpigia kelele. Nikaiinua ndoo nikaendelea. Zilikuwa zimebaki safari kumi na moja.