Hatua Sita Hadi Kwenye Jiko

Mama alikuwa anapofuka, na mtu pekee aliyelijua hilo ni mimi. Aliniapisha nisimwambie kaka. Alimjua mwanawe: siku akisikia, atamhamishia kwake ghorofa ya tisa na kumwekea msichana wa kazi.

"Niache nipike kwangu," aliniambia. "Siku nikishindwa nitasema mwenyewe."

Na kupika alikuwa anaweza. Hatua sita kutoka mlangoni hadi kwenye jiko, mbili kushoto hadi kwenye sinki, chumvi kwenye kopo lenye kifuniko kilichobonyea. Wageni walikula wakajilamba vidole, hakuna aliyeshuku.

Kisha kaka akapandishwa cheo. Akaamua kumjengea Mama jiko la kitajiri, la kupigia picha. Kaka yangu ana moyo mzuri na masikio mabovu. Mama alipoulizwa anataka nini alijibu kwamba kilichopo kinamtosha, na kaka akacheka, akasema wazazi wote ndivyo wanavyosema. Mama angeendelea kukataa angeulizwa sababu, kwa hiyo akaliacha lipite. Baadaye akanivuta pembeni akaniomba nimzuie, lakini siri yake nisiitoe.

Fundi wa makabati alikuwa na kawaida yake: hachori kitu mpaka amwone mwenye jiko akipika. Mama akamchemshia chai. Fundi alisimama na futi yake mkononi, akamtazama kwa muda mrefu, asipime chochote. Wiki iliyofuata akaleta mchoro na makadirio. Makabati mapya, jiwe la bei mbaya la kufunika juu yake, taa za kila namna. Lakini jiko na sinki aliviacha palepale.

"Mkono wa mama yenu umeshazoea njia," alisema. "Tusiuhangaishe."

Kaka akakunja uso. "Yaani nitoe hela zote hizi nipate jiko lilelile?"

Alitaka meza kubwa katikati, sinki lihamie dirishani, jiko la kioo, bapa, lisilo na hata kitufe cha kuzungusha. Nikajitia mjuzi wa bajeti. Nikamwonyesha kwamba kuhamisha mabomba na nyaya peke yake kunakula theluthi nzima ya fedha. Nilidhani nimempata. Akachukua kalamu, akaongeza akiba aliyokuwa ameiweka ya kununulia gari, akasema kwa Mama hafanyi ubahili. Fundi akanitazama mimi, si yeye. Alikuwa ameshaelewa, nina hakika. Alikuwa anangoja mtu wa familia aseme. Nikainamia karatasi nikajifanya nasoma bei ya vigae.

Kazi ilichukua wiki saba, Mama akiwa kwangu. Siku ya kurudi, kaka alimshika mkono hadi mlangoni, akamwomba achemshe chai ya kwanza. Mama akaenda hatua nne, akajigonga nyonga kwenye ile meza. Akatabasamu. Akaizunguka akiipapasa, kaka akadhani analisifu jiwe. Makabati hayakuwa na vishikio, yote laini, yote sawa. Kaka alikuwa ameshaliwasha jiko ili kumrahisishia. Mama akaweka kiganja chake chote juu ya kioo.

Hakupiga kelele. Nilichosikia ni kaka, akimuuliza kwa nini ameweka mkono pale wakati taa nyekundu inaonekana.

Hospitalini hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Daktari alimmulika macho mara moja tu. Sasa Mama anaishi ghorofa ya tisa, msichana wa kazi anampikia, na jiko lile limefungwa kwa kufuli. Juzi nilikuwa namlisha, maana mkono wake bado haushiki kijiko, nikamwambia nilikaa kimya kwa sababu nilimwapia.

Alitafuna, akameza.

"Najua," akasema. "Ungesema tu, mwanangu."