Alama ya Tisa

Mjane alikuwa amejitolea wikiendi ile kusaidia kupima pango la hifadhi. Kazi yake ilikuwa kushika ncha ya tepu, kuigusisha kwenye alama ya chaki ukutani na kuita, "Imefika." Alama ya tisa ilikuwa ndani ya upenyo wa kutambaa. Alichungulia, akasimama hatua tatu kabla ya alama na kuita, "Imefika."

Mpimaji, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akaandika.

Walipotoka kula, kijana aliwaambia wenzake, "Nyie mnaolalamika magoti yanauma, mwigeni mama huyu. Hana porojo."

Mjane aliuweka chini mkate wake. Alikuwa ameuombea baraka kwa midomo ileile iliyodanganya.

"Mwanangu, ile ya tisa nilidanganya. Niliogopa kuingia."

"Na nyingine, mama?"

"Nyingine ni za kweli. Mungu ni shahidi."

Kijana akaufuta kwa mstari ukurasa mzima wa vipimo, kuanzia alama ya kwanza.

"Tutapima zote upya. Wewe pumzika, mama. Dada huyu hapa atashika tepu."

Wakaingia tena pangoni. Mjane alibaki akilinda mikoba yao, hajui auweke wapi uso wake.